Ukurasa Uliobanwa kwa Pini

Fundi hakuanza na salamu. Ukigonga mlango wake, ghorofa ya tatu pale Bredäng, huku Sweden, alifungua, akakutazama mabega, akashuka hadi kiunoni, ndipo akakutazama usoni na kusema karibu. Mwanzoni niliona ni dharau, na mimi si mtu wa kumeza dharau. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ameshanipima. Kwa miaka kumi na tano tuliyokaa mlango kwa mlango hakuwahi kunizungushia tepu, na hakuwahi kunishonea gauni likanibana.

Wote walimwita Fundi: Warundi wenzake wa kanisani, Watanzania kama mimi, Wakongo wa Vårby gård waliomletea vitenge vya sherehe. Hata yule mzee wa Kiswidi wa ghorofa ya chini, aliyekuja kupunguziwa suruali, alisema "Fundi" akidhani ndilo jina la ukoo, na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha. Jina lililokuwa kwenye barua zake nalijua. Hapa silisemi.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye vidole vilivyojaa alama za sindano. Pini zake alizishika kwa midomo. Akiwa na pini mdomoni huwezi kumuuliza kitu, na sisi tuliomzoea tulijua kwamba mara nyingine alizitia makusudi, hasa mazungumzo yakianza kuelekea kwa mambo ya watu. Maana miili ya watu aliijua kuliko wenyewe: nani amenenepa, nani ana mimba anayoificha, nani bega moja limeshuka. Hakusema. Mke wa shemasi mmoja alimjia siku moja akitaka kipimo cha kiuno cha mumewe, ati amnunulie mkanda wa zawadi.

"Mama," Fundi alimjibu, "mwenyewe analala kwako. Mpime."

Lakini penye nguo hakujua kuficha. Aliwahi kuishonea kwaya ya kanisa lao majoho kumi na mawili. Mchungaji akamsimamisha mbele ya waumini ili apigiwe makofi. Fundi alisimama, akangoja makofi yaishe, kisha akatangaza kwamba joho la yule wa tatu kutoka kushoto kola yake imekaa vibaya na wasilipige picha. Ibada ilipomalizika alimvua yule dada joho palepale mlangoni, akalikunja na kuondoka nalo. Mtu wa namna hiyo unaweza kumheshimu, lakini kumzoea kunachukua muda.

Mimi kazi yangu ni kupima maji katika maabara moja kule Sundbyberg. Natia maji kwenye vichupa, naangalia kama yana vidudu, naandika. Kazi hiyo ilimchekesha sana.

"Weye jirani," alikuwa akiniambia, "maji ya Sweden yako safi toka zamani. Uko unatafuta nini humo?"

"Natafuta siku yasipokuwa safi."

"Basi kumbe kazi yako ni kungoja."

Kahawa yake ilikuwa chungu, na sukari aliificha juu ya kabati kwa sababu ya kisukari chake, kisha akapanda kiti kuifuata mara tatu kwa siku. Nilimwambia kwamba kwa kupanda kule atavunjika nyonga kabla sukari haijamfanya chochote. Alisema nyonga za kwao hazivunjiki, za kwao zinateguka.

Alisema kweli, ingawa wakati ule hakuna aliyejua maana yake. Kwao walikuwa na mikono. Ndivyo alivyosema, "kwetu tuna mikono," kama wengine wanavyosema kwetu tuna mashamba. Kaka zake walikuwa warefu wembamba, vidole virefu, viungo vyepesi kuteguka na vyepesi kurudi. Mmoja alikuwa golikipa kambini Kigoma, walikokimbilia vita ya Burundi, na watu walitoka kambi nyingine kuja kumtazama akidaka. Yeye peke yake katika watoto wanne ndiye aliyezaliwa na mikono mifupi. Nyumbani walimtania kwamba kitambaa kilikuwa kimeisha. Utani huo alinisimulia akicheka, lakini nilimwona akitazama mikono yake, na nilijua kwamba mpaka uzeeni alikuwa bado anaitamani ile mirefu.

Wale wenye mikono walikufa wote. Golikipa alianguka akiwa amesimama tu kwenye foleni ya mahindi. Kaka mkubwa alishika kifua akiwa mezani. Dada yake, waliyefuatana naye, alifia kambini bado kijana. Watu walisema ni sumu, wengine wakasema ni huzuni ya vita, na mchungaji wa kambi akasema ni wakati wa Mungu. Fundi alizika wote watatu. Sanda zao alishona yeye, na kila mara ilibidi aongeze kitambaa.

Hapo lazima nieleze daftari lake, kwa sababu bila daftari hakuna la kusimulia.

Kwao hakuna arusi bila sare. Ukoo mzima huvaa kitambaa kimoja, kuanzia bibi hadi mtoto mchanga, na anayeshona ni mmoja. Kwa hiyo Fundi alikuwa na vipimo vya ukoo wake wote tangu kambini: bega, kifua, kiuno, urefu, mkono. Alianza na daftari la shule, likajaa, akalishonea la pili kwa uzi wa viatu, kisha la tatu. Hakuandika majina, herufi ya kwanza tu. Na alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanamke alikuwa na ukurasa, na chini ya vipimo vyake waliandikwa watoto wake, kila mmoja mstari wake, wa kiume kwa wa kike. Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo, ili akitakiwa kumshonea mtoto aliye mbali ajue akadirie kutoka kwa nani. Waliokufa hakuwafuta. Aliweka nukta kando.

Binti yake, Aline, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika chekechea ya hapohapo Bredäng. Alikuja Sweden akiwa na miaka minne, akishika sketi ya Fundi. Nilipohamia pale alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, tayari amempita mama yake kwa kichwa. Mazungumzo yao nyumbani yalikuwa ya upande mmoja. Fundi angesema kwa Kiswahili maneno mia moja, kuhusu koti, baridi, wanaume, chumvi, na Aline angejibu kutoka chumbani, "Ja, mamma." Ndiyo mama, hivyo tu. Kuna siku nilihesabu hizo "Ja, mamma" kumi na tisa kabla sijamaliza kikombe changu. Fundi alilalamika kwamba amezaa Mswidi. Nililisikia neno hilo mara nyingi, kwamba amezaa, na sikuwa na sababu ya kulitilia shaka.

Mambo yalianza na Fidele, mtoto wa yule kaka mkubwa. Alikuwa dereva wa basi, anakaa Vårby gård, mrefu hadi anainama mlangoni. Mwaka juzi, majira ya kuchipua, alianguka kazini. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni ulikuwa umeanza kuchanika. Walimpasua kifua siku hiyohiyo, akapona. Alipoamka, mtu wa kwanza kumuuliza maswali marefu hakuwa daktari wa upasuaji bali daktari wa magonjwa ya kurithi, na maswali yote yalihusu watu waliokwisha kufa. Fidele hakujua kitu. Akasema, "Muulizeni shangazi."

Fundi akanigongea mlango. "Weye mambo ya maabara unayajua. Twende wote."

Nilimweleza kwamba mimi ni mtu wa maji. Akasema damu nayo ni maji. Nikaenda.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti ya kiume, Mkenya nadhani, ameketi mji mwingine. Kila mmoja alisema, akanyamaza, akangoja sauti ile imalize. Daktari alieleza kwamba mwili una nyuzi zinazoushikanisha, kwenye mishipa, kwenye viungo, hata kwenye jicho. Katika ukoo huu huenda nyuzi hizo ni dhaifu tangu kuzaliwa.

"Kumbe uzi ni mbovu," Fundi alisema. "Siyo mshono."

Daktari alicheka, akasema ni hivyo hasa. Kisha akaeleza shida. Katika damu ya Fidele wameona badiliko dogo mno kwenye jeni moja, herufi moja tu mahali ambapo wengine wana nyingine. Lakini badiliko lile hawajawahi kuliona popote, maana watu wa kwao Fundi ni wachache sana katika kumbukumbu za maabara. Huenda ndilo lililoua watu watatu, huenda halina neno. Njia ya kujua ni kuutazama ukoo: je, wenye ugonjwa wote wanalo, na wazima wote hawana? Akachora miraba ya wanaume na duara za wanawake, akawapigia mstari waliokufa. Kisha akaweka kalamu chini, akasema kwa masikitiko kwamba waliokufa hawawezi tena kupimwa.

Fundi akafungua mkoba, akatoa daftari.

Mimi ni mtu wa vipimo, na nakiri kwamba nilisisimka. Daktari alipoelewa anachotazama, alivuta kiti. Golikipa: urefu, mkono. Kaka mkubwa: urefu, mkono. Wajomba, binamu, watoto wa binamu, miaka thelathini ya mikono, walio hai na walio na nukta. Daktari alikuwa akinakili na kuuliza, Fundi akijibu bila kufikiri. Mahali pamoja kurasa mbili zilikuwa zimeshikamana, zimebanwa kwa pini kwenye kona. Daktari alizigusa.

"Hizo zimechakaa," Fundi alisema. "Ni dada yangu. Alikuwa na mikono. Hakuacha mtoto."

Mkalimani akatafsiri. Daktari akachora duara, akalijaza wino, akalipigia mstari, na chini yake hakuweka kitu. Wakamtoa Fundi damu, kisha tukarudi nyumbani.

Nilidhani kurasa zile zimechakaa kweli.

Wakati huohuo palikuwa na arusi. Aline alikuwa ameposwa, kijana mzuri wa Kirundi wa kulekule Vårby gård, na siku ilikuwa imepangwa mwezi wa nane. Nyumba ilijaa kitambaa cha rangi ya zambarau. Aline, aliyekuwa na miaka ishirini na saba, alishasema waziwazi kwamba anataka mtoto mara moja, hangoji. Kila alipolisema hilo Fundi alitia pini mdomoni. Nililiona, nikadhani ni aibu ya mzazi.

Majibu yalitoka mwezi wa sita. Chumba kilekile, daktari yuleyule, na sauti ileile kwenye simu. Daktari alikuwa na furaha ya wazi. Wenye mikono mirefu wote waliopimwa wanalo badiliko, wenye mikono ya kawaida hawana, na vipimo vya daftari vilikuwa vimesaidia kuwaweka waliokufa mahali pao. Palibaki uhakiki kidogo, lakini yeye mwenyewe hakuwa na shaka kubwa tena. Na Fundi hana. Nyuzi zake ni nzima.

"Kwa hiyo," mkalimani alisema kwa niaba ya daktari, "binti yako naye yuko salama. Huwezi kumrithisha kitu usichokuwa nacho. Hana haja ya kupimwa."

Habari njema, wala hapakuwa na la kuongeza. Nilianza kuvaa koti langu. Fundi hakuinuka. Alikuwa ameweka daftari mapajani, na alilitazama kwa muda mrefu hata mkalimani akauliza kama tungali tunamsikia. Ndipo akaifungua ile kona, akachomoa pini, akaitia mdomoni. Akakaa nayo. Akaitoa.

"Mtoto huyu sikumzaa," alisema.

Na ile sauti ya mwanaume kwenye simu, bila kupanda wala kushuka, ikasema kwa Kiswidi kwamba mtoto huyu sikumzaa. Nililisikia mara mbili, na la pili ndilo lililonichoma.

Mengine yalitoka kwa mfululizo. Dada yake alijifungua Aline kambini na siku ya tisa akaanguka akifua nguo za mtoto. Fundi hakuwa na mtoto, akamchukua. Zilipokuja karatasi za kuletwa Sweden waliulizwa haraka, mtoto wa nani, akasema wangu. Angesema vinginevyo wangemwacha. Tangu hapo likawa hivyo, na mtoto mwenyewe hajui.

"Mwambie daktari," alimalizia, "kama watamnyang'anya mtoto uraia, waninyang'anye mimi. Karatasi nilijaza mimi."

Daktari alisubiri tafsiri. Akasema yeye hashughuliki na karatasi za uhamiaji, na aliyosikia mle chumbani yatabaki kwake. Kilichomhusu ni binti mwenye umri ule, mwenye mama aliyekufa siku ya tisa, anayetaka kubeba mimba. Nusu kwa nusu anaweza kuwa nalo. Akiwa nalo na akapata mimba bila uangalizi, anaweza kufa kama alivyokufa mama yake. Yeye daktari angeweza kumwandikia barua, lakini ni bora asikie kwa aliyemlea.

Nisifiche: njiani nilimkasirikia. Kwenye treni nilimuuliza kwa nini safari ya kwanza alificha, na watu walikuwa wanamtegemea. Alinitazama mabega kana kwamba tumeonana leo.

"Jirani, nilikuwa naomba mimi mwenyewe ndiye mgonjwa," alisema. "Ningekuwa nalo, wangempima Aline kama mwanangu. Nisingelazimika kusema lolote."

Tuliposhuka Bredäng nilimbebea mkoba.

Ilimchukua wiki tatu. Hakumwambia kwa maneno, maana maneno yao yalikuwa yale mia moja dhidi ya mawili. Alimwita ajaribu gauni la arusi, akamwekea daftari wazi mezani, akaondoka chumbani. Aline alijua utaratibu wa daftari tangu utotoni. Alikuta ukurasa wenye herufi D., wa marehemu dada yake Fundi, nukta kando, na chini yake mstari mmoja: A., vipimo vyake tangu kuzaliwa, vimefutwa na kuandikwa upya kila mwaka. Fundi alikuwa amewadanganya wazungu na watu wa kanisani na mtoto mwenyewe. Daftari hakuwahi kulidanganya.

Nilikutana na Aline kwenye ngazi, mkoba begani. Aliniuliza kwa Kiswahili, kitu alichofanya mara chache mno.

"Anti, ulikuwa unajua?"

"Wiki tatu tu."

"Wiki tatu!" alisema, akashuka.

Alipimwa. Alikuwa nalo. Mshipa wake ulikuwa umeshaanza kupanuka. Akapewa dawa, akaambiwa hakuna mimba kabla hawajaurekebisha kwa upasuaji. Haya yote alimpitishia Fundi kwa mdomo wa Fidele. Kwa mama yake hakuja, na alipopiga simu mara moja kuulizia cheti fulani, Fundi aliniambia, hakumwita mama wala kitu kingine chochote. Alisema tu, "Hej," salamu ya Kiswidi ya kumpa mtu yeyote.

Arusi ilifanyika. Aline alivaa gauni la dukani. Lilikuwa zuri, jeupe, la bei, na mikono yake iliishia vidole vinne juu ya kifundo. Fundi aliketi safu ya tatu na sare yake ya zambarau, na sidhani kama alimwona bwana harusi wala mchungaji. Aliitazama ile mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwonea huruma kuliko siku ile ya hospitali.

Baada ya hapo alizeeka haraka. Macho yalipungua, akaacha kupokea kazi za watu, na kiti cha kupandia sukari nilikihamishia kwangu. Mimi nilihamia Sundbyberg, karibu na kazi, na kwa miezi kadhaa tukawa watu wa simu.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda kumtazama. Ilikuwa saa nane mchana, theluji imegeuka matope. Nilipogonga, mlango ulifunguliwa na Aline. Amekonda, amevaa shati la mwanaume, na kwenye uwazi wa kola niliona mwanzo wa kovu jipya. Alikuwa ametoka upasuaji wiki tano nyuma. Hakuweza kuinua mikono wala kupitisha nguo kichwani, na mumewe alikuwa amerudi kazini.

"Nguo zinazofunguka mbele," alisema, kama kujieleza. "Dukani hamna za mikono yangu."

Mezani palikuwa na blauzi mbili zimekatwa tayari, matundu ya vifungo yamekwisha. Fundi hakunisalimu. Alikuwa akimtazama Aline mabega, na mara ya kwanza nikamwona hajiamini.

"Umekonda," alimwambia. "Vya zamani havifai tena. Kaa hapo."

Akachukua tepu. Aline akaketi, maana amesimama Fundi asingefika. Alimpima polepole, akizunguka kile kifua bila kukigusa, akitamka namba kwa sauti, na kwa kuwa macho hayakumtosha tena, Aline ndiye aliyeshika daftari na penseli. Bega. Kifua. Kiuno. Mkono.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikaona. Aline alifunua ukurasa wa D., ule wenye tundu za pini kwenye kona. Mstari wake wa zamani hakuugusa. Akafunua tena, na tena, hadi ukurasa wa Fundi mwenyewe: vipimo vya mwanamke mfupi juu kabisa, na chini yake karatasi tupu hadi mwisho. Hapo ndipo alipoandika, A., na namba zote.

Fundi alivaa miwani. Alisogeza daftari dirishani, akasoma, na akakaa nalo muda mrefu kuliko namba nne zinavyohitaji. Machozi yalimshuka, akayafuta kwa kipande cha kitambaa.

"Mkono nimesema sitini na nane," alisema hatimaye. "Umeandika sitini na sita. Futa, uandike vizuri."

Aline akachukua kifutio.

"Ja, mamma," akasema.